Maumivu ya Madoa

"Kitendawili," alisema Mwalimu Gwantwa, hata mguu wa pili haujavuka kizingiti cha karakana.

"Tega," wakaitika wanafunzi sita kwa pamoja.

"Nina ng'ombe wangu, hali majani wala haendi mtoni. Akiumwa yeye, ninayelia ni mimi."

Subilaga alilijua jibu, na moyo ukamruka kama wa mtoto aliyeitwa mbele kupokea zawadi. Ila Ambonisye, kijana aliyekuwa akitengeneza simu kabla ya kuja chuoni hapa, alimwahi.

"Huyo ni Madoa, Mwalimu. Yuko humo ndani ananguruma."

"Umepata. Nimetega chepesi makusudi. Leo ni mtihani, sitaki mtu aanze siku kwa kunipa mji."

Wote wakacheka, maana pale chuoni Lwifwa mji haukutolewa mdomoni tu. Aliyeshindwa kitendawili alitoa mji kweli: sakafu ya karakana ilikuwa imegawanywa kwa chaki, kila kipande na jina lake, na aliyeshindwa alikifagia kipande chake wiki nzima. Kwa miezi tisa Ambonisye alikuwa ameshatoa Tukuyu, Kyela, Njombe na Nairobi. Mwenyewe alikuwa akisema ataondoka chuoni hana stashahada ila ufagio anaujua vizuri.

Subilaga hakucheka sana. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, watoto wawili, na miaka ishirini ya kuchuma chai kwenye miteremko inayoonekana kutoka dirisha lile lile. Kila asubuhi kwa miaka hiyo aliuona moshi mweupe wa kituo cha mvuke ukipanda kutoka tumboni mwa mlima, akajiuliza ndani kuna nini. Sasa alikuwa ndani. Leo, akifaulu, angevaa ovaroli ya bluu yenye jina lake kifuani, na hakuna mtu ambaye angemwambia tena avue viatu vyenye matope nje ya geti.

"Ubaoni," alisema Mwalimu.

Wakapanga mstari mbele ya ubao wa maumivu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya kwanza ya kazi ile. Zamani mashine ilikuwa inaharibika kimya kimya, mafundi wanasoma geji na kubahatisha, mpaka siku inapasuka na kuondoka na mtu. Kisha ikaja hirizi. Kwenye vitabu ilikuwa na jina refu la kitaalamu, lakini ulikuwa mkanda mweusi unaofungwa juu ya kiwiko kama hirizi ya mtoto, basi jina likaganda. Mkanda ulikuwa na waya, na waya ulichomekwa kwenye mashine. Hapo mashine ilikuwa inaumwa ndani ya mwili wako. Valvu iliyokwama uliisikia kooni. Ekseli iliyopinda uliisikia uti wa mgongo. Beringi ya mbele ya turbini ilikaa kwenye kifundo cha mkono, pampu ya mafuta kisiginoni. Fundi mzuri alifunga macho, akasikiliza mwili wake, akasema: hapa.

Lakini mwili nao una mambo yake. Mtu mwenye jino bovu angeweza kufungua mashine nzima akitafuta ugonjwa uliokuwa mdomoni mwake. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya kugusa waya, kila mtu aliandika anaumwa wapi. Na mwenye maumivu ya kiungo hakufanya mtihani. Alisubiri awamu nyingine, miezi sita.

Ambonisye aliandika: *Ambonisye, tumbo, maharage ya jana.* 

Subilaga akapokea chaki. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kinamuuma. Kilikuwa kinamuuma jana pia, na mwaka jana, na siku alipomzaa Eliya. Ulikuwa mkono wa chai. Wote waliochuma walikuwa nao. Hayo nayo ni maumivu ya kuandika? Si ndivyo mkono ulivyo?

Akaandika: *Subilaga, mzima.*

Akaikung'uta chaki vidoleni upesi kuliko kawaida yake.

*

Madoa alikuwa turbini ya pili kwa ukubwa pale kituoni, mwenye mabaka ya kutu kila mahali ambapo rangi ilikuwa imechoka. Watu wa kule walikuwa wafugaji kabla hawajawa mafundi, na mashine zote walizipa majina ya ng'ombe. Grisi haikupakwa, mashine ililishwa. Mvuke uliotoka chini ya mlima ulimzungusha Madoa, ukazalisha umeme, na ulipokwisha kumzungusha haukutupwa: ulipita kwenye mabomba kwenda vikaushio vya chai, banda la jirani. Madoa akisimama, vikaushio vilipoa.

"Sheria unazijua," Mwalimu Gwantwa alimwambia Subilaga. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, sauti yake inasikika juu ya turbini bila kupandishwa. "Utasikiliza. Kisha utasema neno moja kati ya mawili. *Aendelee*, au *asimame*. Ukisema asimame, unafunga kufuli lako mwenyewe kwenye swichi. Na kufuli la fundi?"

"Halifunguliwi na mwingine, Mwalimu."

"Hata na nani?"

"Hata na meneja. Hata na wewe."

"Hata nikiwa na haraka ya kwenda msibani. Haya, mwanangu. Msalimie."

Subilaga akaweka kiganja kwenye ubavu wa moto wa mashine. "Madoa, mimi ni Subilaga. Nakuja kukusikiliza." Akafunga hirizi mkono wa kulia, akachomeka waya.

Jamani, ile hali haizoeleki. Kwanza ulikuja uzito, kama umebeba mlima mgongoni lakini mlima haukuelemei. Kisha mzunguko, mara elfu tatu kwa dakika, ukimwimbia kwenye mifupa. Subilaga alitaka kucheka kwa sauti. Aliupita uti wa mgongo: umenyooka. Koo: safi. Mabega, nyonga, magoti. Akashuka kwenye mikono.

Kifundo cha kulia kilipwita. Akasikiliza tena. Kilipwita kwa nguvu, na kila alipozidi kukisikiliza ndivyo kilivyozidi. Beringi ya mbele. Beringi ikiungua kwenye mwendo ule, ekseli ingetoka mahali pake na kuchana ukuta kama karatasi.

"Asimame," alisema.

Sauti yake ilitoka imara, na aliipenda. Akavuta swichi, akatoa mfukoni kufuli lake jekundu lenye jina lake, akalifunga. Mlio wa Madoa ukaanza kushuka, polepole, kama mtu anayepumua baada ya kupanda kilima. Ingechukua dakika arobaini chuma kile chote kusimama kabisa.

Kisha akachomoa waya, akafungua hirizi.

Maumivu ya mashine huondoka na waya. Huhesabu hata tano. Subilaga alihesabu tano. Akahesabu kumi. Kifundo kilikuwa kinapwita vile vile.

*

Bwana Mwankenja, meneja wa kituo, aliingia akiwa nusu anatembea, nusu anakimbia, kofia ngumu mkononi.

"Nani kamsimamisha?"

"Mtahiniwa," alisema Mwalimu. "Beringi ya mbele."

"Beringi ya mbele imebadilishwa mwezi uliopita mbele ya macho yangu." Akamgeukia Subilaga, na hakuwa mkali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Dada yangu, una uhakika? Maana kumfungua huyu ni kazi ya saa tano. Huko bandani kuna majani ya akina mama yameshachachuka, yako mlangoni mwa kikaushio. Saa moja bila joto, yamekuwa mbolea."

Kupitia mlango wa pembeni Subilaga aliliona banda. Aliwaona na akina mama wa ushirika, kumi na saba, matenga yao matupu yamepangwa ukutani, wanainua vichwa mmoja mmoja kwa kuwa mlio waliouzoea ulikuwa unabadilika. Yule aliyejifunga kitambaa cha kijani alikuwa Mama Tusekile. Waligawana mistari ya chai miaka kumi na mitano.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, mdogo, na mzito kama nyundo.

Angeweza kunyamaza. Mashine ikifunguliwa hukosi kukuta kitu, mkwaruzo hapa, bolti imelegea pale. Wangesema Subilaga ana sikio. Majani yangeoza, lakini majani huoza mara nyingi, na ovaroli ya bluu ni moja.

Au angefungua kufuli kimya kimya na kusema amekosea. Hilo nalo lilimtisha. Je, kama mikono ilikuwa miwili mle ndani, wake na wa Madoa, na wake ndio uliopiga kelele? Akimwachia aendelee, na beringi kweli ni mbovu, Ambonisye ndiye aliyesimama karibu na ule ukuta.

Kunyamaza kungekuwa uongo. Kufungua nako, kwa namna ile, kungekuwa uongo wa pili juu ya ule wa kwanza. Ukweli ulikuwa neno ambalo hakuna mtahiniwa aliyewahi kulitamka mbele ya Madoa. Yeye akalitamka.

"Sijui."

"Hujui nini?" aliuliza meneja.

"Sijui kama ni beringi. Mwalimu, nimeandika mzima ubaoni. Si kweli. Kifundo changu hiki kinauma, kinauma miaka. Hirizi nimeivua na bado kinauma. Kwa hiyo sijui kama nimemsikia Madoa au nimejisikia mwenyewe."

Madoa alikuwa anashuka. Mlio wake sasa ulikuwa wa chini, kama mtu anayeguna usingizini.

"Mama yangu," alisema Ambonisye polepole, "mimi nimeandika hadi maharage."

"Nyamaza wewe," alisema Mwalimu Gwantwa. Alikuwa anamtazama Subilaga. "Unajua umeufanya nini mtihani wako."

"Najua."

"Basi huo tumeuweka pembeni, umekwisha. Sasa hapa kuna mashine ina kufuli, na mwenye kufuli ni wewe. Akishasimama kabisa hataumwa tena, na hatutajua kitu mpaka tumfungue. Tuna dakika ishirini hivi. Mwenye kufuli anasemaje?"

Subilaga aliutazama mkono wake wa kulia. Kisha akautazama wa kushoto.

Kuna kitu kilimchangamka kichwani, kile kile kinachochangamka mtu anapotegewa na kuliona jibu likichungulia kutoka nyuma ya maneno. Maumivu yake yeye yana nyumba moja. Hayahami. Lakini ya Madoa yanafuata waya.

"Nifunge hirizi kushoto," alisema. "Kama ni beringi, itanijia kifundo cha kushoto, na huko mimi siumwi. Kama kifundo cha kushoto kimetulia, basi hapakuwa na beringi, palikuwa na mimi."

Bwana Mwankenja akatikisa kichwa. "Kushoto ni upande wa moyo. Moyo ukidaka mwendo wa mashine—"

"Mashine inashuka, Bwana Meneja," alisema Subilaga. "Si elfu tatu tena. Sasa hivi hata mia tano hafiki."

Mwalimu Gwantwa alikuwa ameshashika plagi. "Nikiona midomo inabadilika rangi, nachomoa. Hutaniomba dakika moja zaidi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Ambonisye ndiye aliyemfunga mkanda, kwa vidole vile vyepesi vya kufungulia simu. "Kama unamwona Mungu huko, muulize mtihani wangu wa mchana," alinong'ona.

Waya ukaingia.

Moyo ulimpiga teke moja kifuani, ukayumba, kisha ukakaa kando ya mwendo wa Madoa kama watu wawili wanaotembea njia moja bila kushikana mikono. Subilaga alipumua. Akaenda moja kwa moja kwenye kifundo cha kushoto.

Kimya. Kifundo kilikuwa kitulivu kama cha mtoto aliyelala. Cha kulia kiliendelea kupwita peke yake, mbali, na sasa alikijua kwa jina.

"Beringi ni nzima," alisema. "Kosa langu."

Meneja alikuwa ameshanyoosha mkono. "Basi fungua kufuli, dada, tumwashe."

"Subiri."

"Nini tena?"

"Subiri kwanza."

Maana kulikuwa na kitu. Kilikuwa kidogo, hata kukiita maumivu ni kukikuza. Ilikuwa kama ukakasi kwenye kisigino cha kushoto, kama soksi imejikunja ndani ya kiatu. Bila shaka hata mara ya kwanza kilikuwepo, kisigino cha kulia, na yeye hakukifikia kwa sababu mkono ulikuwa unapiga makelele. Akakisikiliza. Kilivuta, kikaachia, kikavuta, kama mtoto anayenyonya embe lililoisha.

"Kisigino," alisema, na sasa sauti ilimtetemeka kwa furaha. "Mwalimu, ni mafuta. Pampu inavuta na haipati. Kitu kimeziba njiani."

"Geji ya mafuta iko sawa," alisema meneja, akiinama kuisoma. "Hii hapa."

"Hiyo geji iko kabla ya chujio au baada?"

Bwana Mwankenja akalifuata bomba kwa kidole. Kidole kikapita geji, kikafika kwenye chujio.

"Kabla," alisema.

"Basi chujio likiziba, geji itaendelea kukwambia mambo mazuri mpaka siku beringi inaungua kweli."

Mwalimu Gwantwa akachomoa waya bila kuambiwa. "Spana ya ishirini na nne," alisema. "Na mtu amlishe huyu mafuta kwa pampu ya akiba. Haya, mnangoja mwaliko?"

*

Walilitoa chujio kwa dakika kumi na mbili. Subilaga alishika spana kwa mkono wa kushoto, Ambonisye akashika taa na ndoo, na lilipotoka lilikuwa jeusi, limejaa ute mzito kama ugali ulioungua. Ambonisye alilinusa akasema hata maharage yake ya jana yalikuwa na heshima zaidi. Wakaweka jipya. Mafuta yalipopita, meneja mwenyewe alisogeza geji ndogo ya mkononi upande wa pili wa chujio, akasoma, akasoma tena.

"Kesho kutwa," alisema taratibu. "Angeendelea hivi, kesho kutwa tungekuwa tunazoa vipande."

Subilaga akafungua kufuli lake. Mvuke ukaingia, na Madoa akaanza kupanda, akikusanya mlio wake kidogo kidogo kutoka chini ya sakafu mpaka kwenye mabati ya paa. Subilaga hakuwa na waya, lakini alicheka kama mwenye nao. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Sasa nisikilize," alisema Mwalimu Gwantwa, alipoona kicheko kimetulia. "Ubao siwezi kuupinda. Hata ungekuwa mwanangu wa kumzaa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Miezi sita. Na huo mkono uende hospitali, nione karatasi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulichokifanya kwa kushoto, nimekaa kazi hii miaka thelathini sijakiona. Hilo nalo halibadilishi kitu." Akamkabidhi kitabu cha zamu, kipana, kingo zake nyeusi kwa mafuta. "Aliyefunga kufuli ndiye anayejaza. Fundi au si fundi."

Subilaga akaegemea benchi, akaandika. *Nani amesimamisha: Subilaga Mwakapesa, mwanafunzi.* *Sababu: mkono wa mwanafunzi, aliouficha ubaoni.* Aliandika hilo kwa herufi kubwa, lisije likasomeka vibaya. *Kilichorekebishwa: chujio la mafuta. Geji ihamishwe baada ya chujio.* Mstari uliofuata ulisema *Hasara*. Hakuijua hasara. Akachukua kitabu, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Akina mama walikuwa wamesimama kwenye kikaushio, wengine wanatupa majani kwenye chekecheke, wengine wanayanusa kwa viganja.

"Nani alizima?" aliuliza Mama Tusekile kabla hajafika.

"Mimi."

"Wewe Subi?"

"Mimi. Nilidhani mashine inaumwa mkono, kumbe ni mkono wangu. Nimekuja kuandika mmeharibikiwa kiasi gani."

Mmoja akacheka puani, na mwingine, na Mama Tusekile akajaribu kukaza uso, ukamshinda.

"Miaka ishirini tunaugulia hii mikono hakuna aliyesimamisha hata baiskeli," alisema. "Wewe umeenda miezi tisa umesimamisha mlima. Andika kilo sitini. Tusingepata joto mapema hivi ingekuwa tani."

"Sitini." Aliandika. Kalamu ikabaki juu ya karatasi. "Mama Tusekile, na wewe wako unauma?"

"Nani wake hauumi hapa?"

Alilisema kama mzaha. Lakini Subilaga alimtazama, akawatazama na wengine, na kicheko kikapungua. Mmoja aliushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto bila kujua kuwa ameushika. Aliyekuwa kwenye chekecheke aliacha kuchekecha.

"Hakuna aliyewahi kutuuliza," alisema yule wa chekecheke.

Nyuma yao Madoa alinguruma, na waya zake, na geji zake, na watu sita waliosoma miezi tisa ili wajue akiumwa anaumwa wapi.

Mstari wa mwisho wa kitabu cha zamu ulisema *Hitilafu nyingine zilizoonekana*. Subilaga alifunua kurasa za nyuma, wiki, miezi. Kila zamu ilikuwa imeandika neno moja: *hakuna*.

Akaketi juu ya tenga lililofunikwa, akakiweka kitabu magotini, kalamu akaihamishia mkono wa kushoto.

"Njoo wewe kwanza, Mama Tusekile," alisema. "Kifundo kimeanza kuuma lini?"